Usizike Chanjo kwa Sababu Kingamwili Hazikuonekana

Mwanafunzi mmoja ameniandikia kwa uchungu. Chanjo yake ya DNA (ile inayoingiza jeni ya kirusi mwilini ili seli zenyewe zitengeneze protini yake) dhidi ya homa ya nguruwe ya Afrika iliamsha kingamwili, yaani protini za damu zinazonasa vijidudu, tele kwa panya, lakini kwa nguruwe hakuna kitu. Msimamizi wake anataka waachane nayo. Ndugu yangu, maneno hayo nayajua. Niliambiwa mbele za watu, na hadi leo yananiuma.

Sisi tulishughulika na ugonjwa wa Aujeszky, ugonjwa mwingine wa virusi wa nguruwe. Plasmidi yetu, yaani kipande cha DNA cha mviringo kinachobeba chanjo, ilikuwa na jeni ya glikoprotini D, protini ya ganda la kirusi hicho, na sindano ya kawaida ya msuli ilitupa majibu hafifu. Mkubwa wetu akasema tunachezea pesa. Nilikataa. Panya ana gramu 20 hivi, nguruwe hufika kilo 100 na kuzidi. DNA inayomtosha yule humpotelea huyu msulini, kwani seli zinazoipokea ni chache mno. Tulipoongeza mapigo mafupi ya umeme palepale palipodungwa, ili utando wa seli upitishe DNA, kingamwili zilipanda. Nilikuwa sahihi, nami nalisema bila haya.

Kwa hiyo kabla hujailaumu plasmidi, chunguza ilivyoingizwa. Pima pia damu ya vitoto vya nguruwe kabla ya kuwachanja, maana hupata kingamwili za mama kupitia dang'a, na hizo huweza kuizima chanjo.

Ila kwa homa ya nguruwe ya Afrika kuna kubwa zaidi. Virusi vyake vina jeni zaidi ya 150, na kingamwili peke yake si kipimo cha kinga. Kuna plasmidi zilizoamsha kingamwili na nguruwe hawakupona. Kisha mwaka 2012 ikachapishwa kazi ambayo antijeni, yaani protini za kirusi zinazoamsha kinga, ziliunganishwa na ubikwitini, protini ndogo inayoipa seli alama ya kuzivunja: baadhi ya nguruwe walikingwa dhidi ya virusi vya kuua, na kingamwili hazikuwepo kabla ya kuambukizwa. Seli T za CD8, yaani seli za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa, ndizo zilizohusishwa na kinga hiyo.

Je, wewe ulizipima seli T? Kama hukuzipima, hukumu ya msimamizi wako imesimama kwenye nusu ya ushahidi. Zipime. Kisha dai jaribio la kuambukiza, lenye kundi lisilochanjwa, banda salama, joto la mwili na virusi vilivyo katika damu vikifuatiliwa, na kigezo cha kumwondolea mateso mnyama kiandikwe mapema. Kataa kufunga faili kabla ya hapo.