Nikizima "Matumizi na uchunguzi", siri zangu zitakuwa salama?

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Nauza nguo hapa Wete, Pemba. Nilipowasha simu yangu mpya ya Android nilikubali kila nilichoulizwa. Sasa naambiwa nizime "Matumizi na uchunguzi" ili simu isitoe siri zangu na bando lisiishe haraka. Ni kweli?

JIBU: Waalaykumu ssalaam, dada yangu. Izime, kuizima hakuna madhara. Andika "uchunguzi" kwenye kisanduku cha kutafutia ndani ya Mipangilio, utaiona. Kinachokwenda Google kupitia hapo ni mambo kama hali ya betri, mara ngapi unafungua programu fulani na ubora wa mtandao. Ukiizima, masasisho ya usalama utaendelea kuyapata. Bando ni jambo jengine: mara nyingi linaliwa na picha na video za magrupu ya WhatsApp zinazojipakua zenyewe. Zizuie ndani ya WhatsApp, kwenye sehemu ya hifadhi na data.

Siri hasa huvuja kupitia ruhusa ulizozipa programu. Ingia Mipangilio, Faragha, kisha Kidhibiti cha ruhusa, uguse Anwani, yaani namba za watu ulizohifadhi. WhatsApp kuwemo humo ni sawa. Programu ya tochi inataka namba za wateja wako za nini? Iondolee ruhusa hapo hapo.

Zaidi ya zote, angalia programu za mikopo. Wapo wakopeshaji wanaochukua namba zote ulizohifadhi, na ukichelewa kulipa, mkweo au mwalimu wa mwanao ndiye anayetumiwa ujumbe wa kukudhalilisha. Ni unyama, na unawaumiza hata wasiokopa. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa ya mikopo yasiyo na leseni. Itazame kabla hujapakua yoyote.

Rudi kwenye Kidhibiti cha ruhusa, na kwenye Mahali, yaani ruhusa ya programu kujua ulipo, chagua ruhusa ya wakati unapoitumia programu tu. Kama Android yako ni 12 au zaidi, futa na kitambulisho cha matangazo, yaani namba ya simu yako ambayo programu huitumia kukuletea matangazo yanayokulenga. Kipo kwenye sehemu ya Matangazo, ndani ya Mipangilio.

Jua lakini kwamba kuondoa ruhusa, au hata kufuta programu, hakurudishi namba zilizokwisha kuchukuliwa. Hizo itabidi uiandikie kampuni yenyewe uitake izifute, na utaje Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Weka nakala ya barua yako.