Jibu: Kushona midoli Mwanza, naweza peke yangu?

Dada, umeuliza kama kazi ya midoli unaiweza peke yako. Utachoka mapema. Mimi vipande vya kitenge nachukua kwa mafundi cherehani wa Makoroboi, hapa mjini. Wananiwekea kwenye mfuko, nami nawashonea midoli ya kuning'iniza dukani. Mitumbwi ya mbao ya kuchezea anachonga seremala mmoja wa mtaa wa Kirumba, mimi napaka rangi na kushona tanga. Pindo la tanga nakunja mara mbili, maana watoto huipeleka ziwani kwelikweli. Ndani jaza pamba, huku kwetu inalimwa. Na tafadhali, macho yadarizi kwa uzi: kifungo kikichomoka, mtoto wa chini ya miaka 3 anaweza kupaliwa. Una mchoro wowote? Uweke hapa tuutazame.