Wavuvi 353, na wale ambao hawakuulizwa

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, na ninatafiti kipato cha wavuvi katika mialo (vituo vya kushushia samaki ufukweni) ya Ziwa Victoria upande wa Mwanza. Walengwa wangu ni wavuvi 3,000. Kwa kanuni ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, na kiwango cha makosa cha asilimia 5, nilipata sampuli ya watu 353, nikawa nakwenda mwaloni kila asubuhi na kuwahoji wavuvi niliowakuta hadi idadi ikatimia. Msimamizi wangu ameikataa sampuli hiyo. Kosa langu ni lipi ilhali hesabu ni sahihi?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, hesabu yako haina dosari, kwani kanuni hiyo hugawanya idadi ya walengwa kwa 1 jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kiwango cha makosa (0.05), na 3,000 ukigawanya kwa 8.5 unapata takriban 353. Lakini kanuni hiyo hujibu swali la wangapi tu, na hata hilo hulijibu kwa sharti kwamba kila mmoja wa wale 3,000 alikuwa na nafasi sawa na mwenzake ya kuchaguliwa. Sharti hilo ulilivunja siku ya kwanza ulipofika mwaloni.

Hebu fikiria ni nani hukumkuta. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapong'aa wengi wao hupumzika au hurudi makwao, hivyo idadi yao katika madodoso yako ilitegemea ulikwenda siku zipi za mwezi. Wanaoishi katika kambi za visiwani huenda hawakufika kabisa katika mwalo uliokuwa ukienda. Mwenye mitumbwi kadhaa, ambaye mgao wake ni mkubwa kuliko wa vibarua wake, halazimiki kuwapo ufukweni alfajiri. Kwa kuwa makundi haya hutofautiana katika jambo lile lile unalolipima, yaani kipato, wastani ulioupata umeelemea upande mmoja, na hata ungeongeza watu wa aina hiyo hiyo wafike 1,000, usingenyooka.

Mfano mashuhuri wa kosa hili ulitokea Marekani mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilituma kadi za kura ya maoni zipatazo milioni 10, likapokea majibu zaidi ya milioni 2, na kutabiri kuwa katika uchaguzi wa rais Landon angemshinda Roosevelt, aliyekuwa madarakani. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi ambapo maskini wengi hawakuwa na kimojawapo. Tena waliojisumbua kurudisha kadi hawakufanana na walionyamaza. George Gallup, mtafiti wa kura za maoni, kwa sampuli ndogo mno kuliko hiyo, alimtaja mshindi sawasawa.

Kazi yako, basi, ianze na orodha. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vya mwaloni huwa na rejesta za mitumbwi. Ziombe, zihakiki pamoja na viongozi wao, kisha uigawe mitumbwi katika matabaka, yaani makundi kulingana na samaki wanaovuliwa: dagaa, sangara na sato. Ndani ya kila tabaka, piga kura ya mahali pa kuanzia, halafu chukua mtumbwi mmoja kila baada ya idadi maalumu. Tahadhari moja husahauliwa sana: wavuvi wa mtumbwi mmoja hugawana mapato ya samaki wale wale, hivyo kuwahoji wote watano hakukupi taarifa za watu watano wanaotofautiana. Ni afadhali mitumbwi mingi na watu wachache katika kila mmoja, na idadi ya jumla izidi 353.

Simaanishi kwamba kumchagua mtu kwa makusudi ni dhambi. Ukitaka kujua jinsi uvuvi haramu wa kokoro (wavu unaokokotwa hadi ufukweni) unavyoendeshwa, hakuna rejesta itakayokupa majina, na njia ya mvuvi mmoja kukuelekeza kwa mwenzake ndiyo ifaayo. Ila matokeo yake usiyageuze asilimia za wavuvi wote.

Madodoso uliyokwisha kujaza usiyatupe. Yatumie kama jaribio la awali, uone maswali yapi hayakueleweka na kipato kinatofautiana kwa kiasi gani kati ya mvuvi na mvuvi, kwa sababu takwimu hiyo ya mwisho utaihitaji unapokokotoa upya ukubwa wa sampuli. Kisha mpelekee msimamizi wako mpango mpya kabla hujarudi mwaloni.