Mwandishi akirudi kwao: maneno machache kwa waandaaji wapya

Jumamosi iliyopita nilikaa viti vya nyuma makusudi, niwaone mnavyofanya kazi. Bango zuri, ukumbi umejaa, mwandishi amekuja kutoka Ujerumani baada ya miaka mingi. Kisha nikaona katoni mbili za vitabu kwa umati wote ule, mshereheshaji akikosea jina la baba wa mwandishi mbele ya ndugu zake, na shangazi yake amekalishwa nyuma ya nguzo. Sikusema kitu siku ile kwa sababu mlikuwa hoi. Leo nasema, na mtanisamehe nikifoka.

1. Vitabu vitangulie, mwandishi afuate. Mzigo wa vitabu hukwama forodhani kama mzigo mwingine wowote, na nakala anazobeba mwenyewe kwenye sanduku huishia kwa binamu zake kabla hajafika ukumbini. Likiwepo toleo la hapa nyumbani uzeni hilo, maana bei ya London haimfai mwalimu wa Muheza. Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipotangazwa mshindi wa Nobel, simu yangu haikupumzika: watu wanataka vitabu vyake, nami sina hata kimoja cha kumuazima mtu. Mwaka uliofuata wachapishaji wa Dar es Salaam, Mkuki na Nyota, wakatoa Peponi, riwaya yake Paradise ikiwa imetafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis, ndipo mama yangu mdogo, ambaye Kiingereza hakisomi, akapata kujua tulikuwa tunashangilia nini.

2. Mgeni rasmi ambaye hajakisoma kitabu apewe dakika tano, na aambiwe mapema, kwa adabu, kwa maandishi. Nimeshuhudia mmoja akihutubia habari za mabomba ya maji na barabara mpaka adhana ya magharibi ikaingia, na mwandishi hajafungua ukurasa hata mmoja. Itifaki ilizingatiwa kwelikweli. Na ratiba ipangeni mkiwa na saa za sala mezani, si mkumbuke muadhini akishaanza.

3. Kwenye kusaini, mmoja wenu asimame na vikaratasi, kila mtu aandike jina lake mwenyewe kabla hajafika mezani. Asha na Aisha si mtu mmoja, na kitabu kikishaandikwa vibaya hakina dawa. Wazee wapite kwanza. Kalamu ziwe zaidi ya moja. Atakuja pia kijana na kitabu cha kutoa fotokopi, amekibana kwa pini, anakificha kwapani kwa haya. Wachapishaji watanichukia, lakini mimi husema asainiwe. Huyo amekisoma.

4. Mnaweka jina la hoteli ya mwandishi kwenye bango ili iwe nini? Ngũgĩ wa Thiong'o alirejea Kenya mwaka 2004 baada ya miaka 22 uhamishoni, na Agosti ya mwaka huohuo watu wenye silaha wakawavamia yeye na mkewe pale walipofikia Nairobi. Anakolala mwandishi wajue watu wawili, watatu. Basi.

5. Kipande cha kusoma. Hapa naomba mkae chini, kwa sababu hili nimelifanya mimi, na bado nikipita Ngamiani, mjini Tanga, kuna barabara naikwepa.

Alikuwa kaka mmoja wa Tanga, ameondoka kijana, anarudi na riwaya na mvi. Ndani yake mna sura ya mwenye duka aliyekuwa na mizani mbili: moja ya kununulia mahindi ya wakulima, nyingine ya kuuzia. Dar es Salaam ilisomwa sura hiyo, watu wakavunjika mbavu. Basi akanipigia simu: "Dada, Tanga nisome ipi?" Nikamjibu hata sijameza mate, "Hiyohiyo ya mizani." Yeye akaamini nimeshaulizia mjini. Mimi nikaamini kwamba, kwa kuwa ni kwao, anajua anachokifanya.

Jina la mwenye duka alikuwa amelibadilisha. Lakini chongo lake aliliacha, na baraza lake la saruji nyekundu, na mtindo wake wa kuhesabu chenji huku anaimba. Waliokulia mtaa ule walishamjua kabla ukurasa wa kwanza haujaisha. Nyuma wakaanza kucheka, tena kile kicheko cha kugongana viwiko, na vichwa vikageukia safu ya tatu. Safu ya tatu walikaa wanawe. Walikuja wamevaa vizuri, kwa sababu mwandishi walicheza naye utotoni.

Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta na ratiba yangu mkononi. Ningeweza kumpelekea kikaratasi: ruka, soma kingine. Nikatazama saa. Nilichokuwa nawaza, Mungu anisamehe, ni kwamba tuko nyuma kwa dakika kumi na sura hii ni fupi. Mwana mkubwa akainuka, akamshika dadake mkono, wakatoka taratibu huku wanawaamkia wazee waliokaa kwenye njia yao. Heri wangefoka. Mwandishi aliwaona, akapoteza mstari, akautafuta, kisha akasoma hadi mwisho kwa sababu hakujua namna ya kuacha. Vitabu viliuzwa, lakini hakuna aliyetaka kupiga naye picha.

Kesho yake asubuhi tulikwenda kuomba radhi, mwandishi, mimi na shangazi yake, maana safari kama ile huendi bila mtu mzima. Walitukaribisha, wakatupa kahawa na haluwa. Mwana mkubwa akasema, "Mizani mbili alikuwa nazo, baba yangu simkatalii. Lakini 1983, madukani hakuna sukari wala sabuni, mtaa huu wote alikuwa anaukopesha, na kwa huyu mwandishi wenu wakiwemo. Mbona hilo halimo?" Shangazi akasema, "Ni kweli, na deni lile hatukulimaliza." Mwandishi alikuwa hajui. Kitabu si changu, siwezi kujibu kwa nini kina hiki na hakina kile. Lakini ukurasa niliuchagua mimi.

Kwa hiyo: kipande kisomwe kwanza na mtu mzima wa mtaa uleule, si na mhariri wa Dar. Andaeni vipande viwili. Na kabla ya siku ya ukumbi, mwandishi alale kwao walau usiku mmoja, asikilize nani amekufa, nani amegombana na nani, nani anadhani yumo kitabuni.

6. Maswali yakija kwa Kiswahili ajibu kwa Kiswahili, hata kama chake ni cha zamani na mnakiona cha kuchekesha. Mmoja wenu alimsahihisha Jumamosi, mbele za watu. Sitamtaja, anajijua.

7. Hesabu zifungwe usiku uleule, fedha za mkononi na za simu, kila mmoja akiwa bado ana kumbukumbu. Mwenye viti vya kukodi amenipigia tena leo asubuhi. Anasema hajalipwa, nyinyi mnasema kalipwa. Nani ana risiti?