Pasi Ikirushwa, Acha Kuukodolea Mpira Macho

Mimi ni mtu wa Morogoro, nimekulia kwenye kandanda. Nilipoanza kuchezesha futiboli ya Kimarekani, mechi za Ijumaa jioni za shule za sekondari huku Minnesota, macho yangu yalifuata mpira tu. Kwenye soka mazoea hayo yanakubeba. Huku yanakuumbua, kwa sababu pasi ikiwa hewani, faulo ziko chini: mlinzi anavuta jezi, mpokeaji anasukuma.

Waamuzi tuko watano, wachezaji 22. Refa mkuu, mwenye kofia nyeupe, anakaa nyuma ya kwotabeki, yule mchezaji anayerusha pasi, na mpira ukishatoka mkononi anabaki na huyo mrushaji, maana kipigo cha kuchelewa huja hapo. Mara nyingi hajui kama pasi imedakwa mpaka asikie jukwaa likilipuka! Ampaya, mwamuzi wa pili, yuko katikati. Wawili wa pembeni tunaanzia kwenye mstari wa kuanzia mchezo. Mmoja wetu anabaki pale kidogo kuona kama mrushaji amevuka kabla ya kurusha. Wa tano yuko nyuma ya walinzi, kama yadi 20 kutoka kwenye mstari, na hatakiwi kupitwa na mtu yeyote.

Sasa niwaambie lililonikuta. Pasi ndefu ilikuja upande wangu, dogo akajirusha karibu na chokaa. Mimi nilikuwa nyuma yake, naona mgongo na kiatu kimoja kikigusa ndani. Kwa sekondari mguu mmoja unatosha (NFL, ligi kuu ya kulipwa, wanataka miwili), basi nikaonyesha imedakwa. Papo hapo mwenzangu wa nyuma, aliyekuja kutoka katikati, akapunga mikono: haikudakwa. Aliuona mpira ukigonga nyasi chini ya kifua. Kocha alivua kofia, na haikuwa kwa heshima.

Hata wakubwa yamewakuta. Septemba 2012, mechi ya NFL kati ya Seattle na Green Bay, waamuzi waliokuwa wakikaimu nafasi za wale wa kawaida walisimama kando ya rundo lile lile la wachezaji; mmoja akainua mikono kuashiria tachidauni (yaani timu imefunga), mwingine akapunga kusimamisha saa.

Kwa hiyo wewe unayeanza: pasi ya pembeni, mwamuzi wa pembeni achukue miguu na mstari, wa nyuma achukue mpira na mikono. Halafu msikurupuke. Tafuta macho ya mwenzako kwanza. Akitikisa kichwa kukubali, toa ishara. Kama hamjaafikiana, sogeleaneni mseme kwa mdomo, hata kocha akifoka. Sekunde tatu za kimya hazijawahi kunigombanisha na mtu kama ile ishara ya haraka.

Wiki iliyofuata, mimi na yule mwenzangu tulifika uwanjani mapema, tukasimama kwenye maegesho ya magari. Yeye akawa anarusha chupa ya maji kando ya mstari wa rangi, mimi naita miguu, yeye anaita chupa.