Maswali ya wasomaji: Rada inapoona mafuriko kila mahali

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mjumbe wa kamati ya maafa ya shehia. Baada ya mvua za masika nilifungua picha za setilaiti kwenye kompyuta ya skuli, nikaona mawingu matupu. Mwenzangu akanionesha za rada. Humo mabonde yote ya mpunga na karibu ufukwe mzima ni weusi, kana kwamba kumefurika, ilhali maji yaliingia vitongoji viwili tu. Tuamini nini? (Msomaji, Micheweni)

Jibu: Waalaykumu salaam. Picha ya kwanza yaelekea ni ya Sentinel-2, setilaiti ya Ulaya inayotegemea mwanga wa jua. Wingu likitanda, basi. Ya rada ni ya Sentinel-1, inayotuma mawimbi yake yenyewe usiku na mchana, na wingu haliyazuii. Maji yaliyotulia huyarusha mawimbi hayo upande wa pili kama kioo, hayarudi kwenye chombo, ndipo pakaonekana peusi. Bonde lililotuama maji ya mpunga nalo litakuwa jeusi vilevile. Rada haijui yapi ya mkulima na yapi ya maafa.

Kwa hiyo msisome picha moja. Chukueni mbili, ya kabla na ya baada, zote za chaneli ya VV (mawimbi yaliyotumwa na kupokelewa yakiwa wima) na za njia ileile: kama setilaiti ilipita ikielekea kusini, iwe hivyo mara zote mbili, la sivyo vivuli vya vilima vya Pemba vitahama na mtavidhania maji. Ya kabla iwe ya msimu huohuo, mpunga ukiwa tayari majini. Ya kiangazi itawadanganya. Zote mbili zipitishieni kichujio cha pikseli (vidoto vya picha) 5 kwa 5 kuondoa chengachenga, kisha toeni ya kabla kutoka ya baada. Anzieni na sehemu zilizoshuka desibeli 3 au zaidi, yaani nguvu ya mawimbi yanayorudi imepungua kama nusu, halafu mrekebishe kwa kulinganisha na mahali mnapopajua kwa macho.

Ufukweni tatizo ni bamvua, na hapa ndipo wengi wanapoponzwa. Kwetu maji makuu hupanda na kushuka karibu mita 4. Setilaiti moja hurudi njia ileile kila siku 12, saa ileile, lakini bamvua huja kila siku 15 hivi. Picha moja itakuta maji yamejaa, nyingine yamekupwa. Tazameni jedwali la maji kujaa na kupwa kwa saa ya kila picha. Zikitofautiana, kateni ukanda wote wa pwani pamoja na mikoko, msiuhesabu.

Kuna na kinachofichika. Maji yaliyo chini ya mikarafuu iliyofungamana hayaonekani. Baina ya nyumba ndiyo balaa zaidi: mawimbi hugonga maji, yakagonga ukuta, yakarudi na nguvu, na mtaa uliofurika ukang'aa badala ya kuwa mweusi. Tena pikseli ni mita 10, nyumba nzima huingia ndani ya moja. Picha hii itawaonesha pa kuanzia kwenda. Kuhesabu nyumba ni kazi ya miguu. Chapisheni ramani kwenye karatasi ya A3, mwende na sheha, mpime kwa futi alama ya maji ukutani kuanzia sakafuni, na muandike pointi ya GPS. Fanyeni mapema, maana maji ya kwetu mara nyingi hukauka kabla setilaiti haijapita.

Swali: Je, shehia inaweza kuomba picha za dharura yenyewe? (Msomaji, Wete)

Jibu: Hapana. Ule mkataba wa kimataifa wa mashirika ya anga kuhusu maafa makubwa hupokea maombi ya taasisi zilizoidhinishwa tu, kwa hiyo pelekeni taarifa kupitia wilaya hadi Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa. Picha za Sentinel ni bure kwa yeyote mwenye akaunti ya Copernicus, mpango wa Ulaya wenye setilaiti hizo. Kwa ramani ya msingi, tumieni picha za droni za mradi wa kupima ramani ya Zanzibar ulioanza 2016. Ni za zamani kidogo, lakini paa moja moja linaonekana, na nyumba zilizojengwa baadaye mtaziongeza wenyewe kwa kalamu.