Wiki ya tatu ndipo na mimi nilipokuwa naangukia

Mdogo wangu, umesema umeanza mazoezi ya vyuma mara nne, na mara zote umeacha wiki ya tatu au ya nne. Unauliza sisi tuliodumu motisha tunaitoa wapi. Swali hilo nililibeba miaka mitatu kabla sijapata njia, na huu ni mwaka wangu wa tisa tangu niipate, kwa hiyo nivumilie nikujibu kwa urefu.

Motisha sina. Siku nyingi navaa raba huku mwili hautaki kabisa. Nilichelewa kulijua hilo, nikadhani wenzangu wanaamka na hamu kifuani na mimi peke yangu nimenyimwa.

Tazama nilivyokuwa nikianza. Nachukua ratiba ya siku sita kwa wiki, saa moja na nusu kila siku, iliyopangwa kwa ajili ya mtu mwenye miaka kumi kwenye vyuma. Wiki ya kwanza miguu inauma hadi kushuka ngazi ni shida, na nafurahi. Wiki ya pili nakaza. Wiki ya tatu kazi zinaniandama, nakosa Jumatano, nakosa Alhamisi, najiita mvivu, kisha najiahidi kuanza upya Jumatatu. Jumatatu hiyo huja baada ya miezi minne. Niliamini nidhamu ni kujifanyia ukali, na kila nilipoanguka nilizidisha ukali. Ubaya ulikuwa kwenye ratiba yenyewe: ilitaka kila siku ya maisha yangu iwe siku nzuri.

Mara ya mwisho nilipoanza nilianzia upande wa pili. Nilijiuliza, siku niliyochoka kuliko zote, siku ya kugombana na watu na kulala vibaya, naweza kufanya nini? Jibu likawa seti tatu, yaani mizunguko mitatu, za skwati (kuchuchumaa na kuinuka) na seti tatu za pushapu, dakika ishirini, basi. Nikaiandika hiyo kuwa ndiyo kazi yangu, siku tatu kwa wiki. Nikimaliza hizo, siku imehesabika na hakuna anayenidai. Mara nyingi, misuli ikishapata moto, naendelea na mengine. Nisipoendelea, narudi nyumbani nimetimiza ahadi. Kanuni ya pili ni kwamba kukosa mara moja ni jambo la kawaida, lakini sikosi mara mbili mfululizo. Siku ya pili yake naenda hata kama ni kwa zile dakika ishirini tu.

Baadaye nilikutana na utafiti ulionipa moyo sana. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanajijengea tabia mpya, kila mmoja na yake. Kwa wastani ilichukua siku 66 tabia ikaanza kujiendea yenyewe. Wapo waliochukua siku 18 tu, na kwa wengine makadirio yalifika siku 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Sasa pima mwenyewe: wiki ya tatu ni siku ya 21. Wengi wetu siku ya 21 bado tunajisukuma kila safari, na hilo halina maana kwamba tuna kasoro. Wewe umekuwa ukijihukumu kabla mambo hayajaiva.

Kuna na jambo la mwili lenyewe. Wiki za mwanzo nguvu huongezeka haraka kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamrisha misuli. Misuli kunenepa hadi ionekane ni kazi ya miezi. Kwa hiyo anayejipima kwa kioo wiki ya tatu haoni kitu, anakata tamaa, ilhali nguvu tayari imeingia. Ndiyo maana nakusihi uwe na daftari. La karatasi, si lazima programu ya simu. Andika tarehe, zoezi, kilo, na marudio, yaani umenyanyua mara ngapi. Mimi nilianza skwati kwa kilo 40. Wiki ya sita daftari lilisema kilo 60, na kioo kilikuwa bado hakijasema lolote. Siku nilizotaka kuacha, nilifungua ukurasa wa kwanza nikasoma namba zangu za zamani.

Uzito uongeze kidogo kidogo, kilo 2.5 inatosha, na siku nyingine usiongeze kabisa. Njia hii ni ya zamani. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani, miaka ya 1940 aliitumia kuwarudishia nguvu wanajeshi majeruhi, akiwapandishia uzito hatua kwa hatua. Mimi mwaka wa tatu niliiacha. Kwenye dedilifti, lile zoezi la kunyanyua chuma kutoka sakafuni, niliruka kilo 15 kwa siku moja kwa sababu kulikuwa na watu wananitazama. Mgongo uliniweka pembeni wiki sita. Sijarudia tena.

Mwaka wa tano mama aliugua, miezi saba. Hapo siku tatu hazikuwezekana. Nilibaki na siku moja kwa wiki, uzito uleule, seti zimepungua. Kuitunza nguvu kunahitaji kazi ndogo sana kuliko kuijenga, na nililiona kwa macho: mama alipopata nafuu, skwati yangu ilikuwa imeshuka kilo 5 tu, na ndani ya mwezi ikarudi. Ningekuwa yule wa zamani, wa siku sita au bure, ningeacha wiki ile ya kwanza ya hospitali. Na nitakwambia kweli, ile saa moja ya wiki ndiyo iliyokuwa ikinirudisha kitandani kwake nikiwa na utulivu wa kumsikiliza.

Umeuliza pia kuhusu kuamka saa kumi alfajiri na kuoga maji ya baridi ili ujenge akili ngumu. Kama kuamka saa kumi kutakupunguzia usingizi ubaki saa tano, achana nako. Mwili unajijenga ukiwa umelala, na mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Maji ya baridi ukiyapenda oga.

Basi usingoje Jumatatu. Leo nunua daftari, andika lile zoezi lako la siku mbaya, na kesho ukalifanye. Ukifika mara ya kumi rudi hapa uniandikie kilo ulizoanzia na ulizofikia. Na ukikosa njiani, niandikie pia, tutazame pamoja ni siku gani ya wiki inayokuangusha.